Mzee Elipidius Mutalemwa, Mji Aliouombea na Upande Aliosimama

Mzee Elipidius Mutalemwa alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, hospitalini, akiwa na mke wake na binti yake mkubwa.

Baba Padre, viongozi wa kata, wazee wa ukoo, majirani wa Omukashenyi na wa Bugene yote, wageni mliotoka Kyerwa, Muleba na Bukoba, poleni kwa safari na asanteni kwa kuja. Familia imeniomba, mimi mtoto wa dada yake, niwasomee historia ya marehemu. Wengi wenu mlipofika jana mliuliza tunazika wapi, baadhi yenu mkaelekezwa kwenye kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, hapa nyuma ya nyumba, wengine mkaelekezwa juu kwenye rweya, yaani zile nyasi za wote zilizotengwa kuwa makaburi ya mji, na nyote mlielekezwa na watu wa familia hii hii. Tunaomba radhi. Hadi jana jioni sisi wenyewe tulikuwa hatujui. Historia hii itaeleza ilivyotokea, kwa kadiri tulivyoweza kuthibitisha, na pale tusipojua tutasema hatujui.

Marehemu alizaliwa Nyakakika, tarehe 14 Machi 1951 kwa mujibu wa kitambulisho chake, ingawa yeye siku zote alisema alizaliwa mwaka wa njaa, na wazee wa Nyakakika tuliowauliza juzi hawakukubaliana ni njaa ipi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Mutalemwa na Mama Evaresta Kokubanza. Mwaka 1958 baba yake alinunua kibanja hiki mnachokiona, wakati ule hapa Omukashenyi palikuwa na nyumba chache na mibuni ya kahawa iliyokuwa bado michanga, familia ikahamia, na tangu hapo marehemu hakuwa na nyumbani kwingine. Mama yake alifariki tarehe 3 Februari 1983 na alizikwa kibanjani, kama walivyozikwa wazee wetu wote, mahali ambapo watu wa nyumba wanapita kila siku wakienda kukata ndizi.

Alianza shule ya misheni mwaka 1960, akamaliza masomo ya kati mwaka 1967. Alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu Bukoba lakini hakwenda, na sababu zilizotolewa ni mbili, yeye alisema baba yake aliugua, dada zake wanasema aliogopa kupanda meli kwenda kokote, jambo ambalo tumelitafakari sana, kwa kuwa kutoka Karagwe kwenda Bukoba hakuna meli.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa karani wa ununuzi wa kahawa katika ghala la chama cha msingi hapa Omukashenyi. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 alibaki ghalani, viliporudishwa vikamkuta ghalani, akawa katibu wa chama hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003. Wakulima wanamkumbuka kwa kupima kahawa bila kupandisha sauti, na kwa kumwambia kila aliyeleta kahawa mbichi, "Irudishe ikaote jua, na wewe kaa nayo uote."

Tarehe 22 Novemba 1975 alifunga ndoa takatifu na Bibi Prudensia, binti wa Kituntu, ambaye yuko hapa mbele yenu. Mungu aliwajalia watoto wanne, Placida, ambaye ni mwalimu Nkwenda, Dastan, mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki, na wawili wanaoishi Mwanza na Dodoma ambao wamefika jana, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Mwaka 2012, Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya yake, Placida alikuwa tayari anafundisha huko, na baba yake alipenda kuwaambia watu kwamba binti yake amehama wilaya akiwa amekaa kitini anasahihisha madaftari. Tunaamini hapo ndipo wazo la mji wetu kujisimamia lilipomwingia, ingawa hakuwahi kusema hivyo mwenyewe.

Mwaka 2009 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji cha Omukashenyi, akachaguliwa tena mara mbili, na alitumikia hadi Novemba 2024. Wageni huenda hawajui jambo lililochukua sehemu kubwa ya utumishi wake, hivyo tunalieleza kwa kifupi. Sisi tunakaa makao makuu ya wilaya, ofisi zote ziko mlangoni petu, lakini mji huu ni mji mdogo tu ulio chini ya halmashauri ya wilaya, hauna baraza lake lenye mamlaka kamili wala bajeti yake, na yanayouhusu yanaamuliwa na madiwani wa wilaya nzima, ambao wengi wao wanatoka mbali na hapa. Kuna watu waliotaka makao makuu yapewe halmashauri yake ya mji, yajisimamie. Kuna watu waliosema makao makuu ni mali ya wilaya nzima na hayawezi kujitenga na walioyajenga. Maombi ya namna hiyo huanzia kwenye mikutano ya wananchi, yakapita kwenye kata, kwa madiwani, kwenye kamati za wilaya na mkoa, ndipo yamfikie waziri, na kwa hapa kwetu aliyeyabeba kwenye mikutano ya wananchi alikuwa marehemu.

Alikuwa na mwenzake katika jambo hilo, Bwana Hatibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Bugene, ambaye babu yake alifika huku kutoka Tanga. Katika mkutano wa kwanza, tarehe 6 Agosti 2016, Bwana Hatibu alisimama akasema, "Mkuu wa wilaya tunamwamkia kila asubuhi, lakini tukitaka taa moja ya barabarani, mpaka wakubali madiwani ambao hawajawahi kulala hapa hata siku moja." Aliyemjibu ni Mama Kantengwa, mkulima wa upande wa bondeni, ambaye naye yuko hapa, akasema, "Hiyo taa ni ya nani? Kahawa yangu ndiyo iliyojenga hizo ofisi. Leo ndugu zangu wa Kituntu na Nyakakika waje kwenye ofisi zao wapige hodi kwa Hatibu?" Watu wakapiga makofi upande huu na upande ule, na tuliohudhuria tunakumbuka kwamba wengine walipiga makofi kwa wote wawili.

Kisha Mama Kantengwa akamgeukia marehemu. Katika mji uliopimwa viwanja, watu hawazikwi nyumbani, wanazikwa katika makaburi ya wote, na kila mtu pale alilijua hilo, ila hakuna aliyekuwa amelitaja. Alisema, "Mwenyekiti, mji una makaburi yake. Wewe unayeutaka, utazikwa wapi, na mama yako yuko kibanjani?" Bwana Hatibu alijaribu kusaidia, akasema, "Sisi Waislamu mbona tunazikana pamoja miaka yote na hakuna aliyelalamika?" Mama Kantengwa akamjibu, "Aliyelalamika ungemsikia?" Watu wakacheka. Marehemu akasubiri wamalize, akasema, "Mama Kantengwa, tengeni makaburi ya mji. Mimi nitakuwa wa kwanza kulala humo, na nitakushikia nafasi." Mama Kantengwa akasema, "Shika ya shemeji zako, ya kwangu iache." Mkutano ulipitisha ombi la mji, na kwa pendekezo la marehemu ulitenga sehemu ya rweya kuwa makaburi. Nguzo zilisimamishwa mwaka 2017. Tangu siku hiyo hadi leo hakuna mtu aliyezikwa humo, kila mwenye msiba amemzika mtu wake kibanjani, na vijana wakapaita Makaburi ya Mwenyekiti.

Maombi yalipanda ngazi, na mwaka 2019 yakarudi, yakitaka mipaka ya mji irekebishwe na wananchi waulizwe upya. Ramani ya kwanza ilikuwa imepitisha mpaka katikati ya kibanja hiki, nyumba ikawa mjini, kaburi la mama likabaki kijijini. Ramani ya pili ilikiingiza kibanja chote mjini. Tulimuuliza marehemu ipi aliipenda, akajibu kwamba ndizi hazijui ramani, na hilo halikuwa jibu.

Mkutano wa pili ulifanyika Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023, mbele ya ghala la zamani la kahawa, ukiongozwa na mtendaji wa kata. Wakati huo marehemu alikuwa na kisukari tangu 2018, na mwaka 2022 alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alizungumza akitetea mji, kwa kirefu, na wote waliokuwapo wanakubali kwamba alizungumza vizuri. Ndipo mtendaji akasema wanaokubali mji wasimame upande wa barabara, wanaokataa wasimame upande wa ghala. Ilikuwa yapata saa saba, jua kali, na kivuli pekee uwanjani kilikuwa cha ukuta wa ghala. Marehemu alichukua fimbo yake, akavuka uwanja taratibu, akaenda upande wa ghala, akasimama kivulini.

Mama Kantengwa, aliyekuwa amesimama hapo, alimwambia, "Karibu Mwenyekiti. Umepotea njia?" Yeye akasema, "Nisogezee hilo jiwe nikae." Watu waliokuwa bado hawajaamua walimwona mwenyekiti wao alikokwenda, nao wakamfuata. Waliokataa waliwazidi waliokubali kwa watu wachache, wachache kuliko waliomfuata, na mtendaji akatangaza kwamba Omukashenyi imekataa. Kwa kuwa kitongoji chetu kiko katikati ya ramani, maombi ya mji hayakuweza kuendelea bila sisi, na hadi leo hayajakubaliwa wala hayajakataliwa.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo familia ilipokwama na ndipo ilipo hadi sasa. Bwana Hatibu alimfuata jioni ile ile hapa nyumbani, marehemu akamwambia mguu ulimuuma na kivuli kilikuwa upande ule, basi. Mke wake alipomuuliza, alimjibu, "Nimeuchoka huo mji." Dastan alipomuuliza, alicheka na kuomba kahawa. Mtendaji alisema alidhani mzee hakusikia vizuri tangazo. Tumezungumza na watu walioketi naye siku hizo, kila mmoja ana jibu alilopewa na marehemu kwa mdomo wake, na majibu hayo hayaelekei mahali pamoja. Bwana Hatibu hakukanyaga hapa kwa muda, kisha siku ya Krismasi akaja na mchele na mafuta, akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mzee wa Kivuli," marehemu akaitika, "Marahaba, ingia ndani usiungue," na jambo hilo hawakulizungumza tena tukisikia.

Kuanzia Januari mwaka huu figo zilianza kushindwa. Alitibiwa akitokea nyumbani, na tarehe 2 Juni alilazwa. Tarehe 9 Juni, akiwa na maumivu, alimshika mke wake mkono akasema, "Prudensia, nirudisheni kibanjani, kwa mama." Muuguzi aliyekuwapo amethibitisha maneno hayo. Tarehe 10 Juni, saa tisa alasiri, Bwana Hatibu alifika kumwona, na marehemu akamuuliza, "Hatibu, kule rweya wameshafyeka?" Bwana Hatibu akasema, "Bado, Mwenyekiti, nyasi zimefika kiunoni." Marehemu akasema, "Wafyeke." Placida alikuwapo na amethibitisha. Baada ya hapo hakuzungumza neno lililoeleweka. Tunajua kwamba aliyasema yote mawili, ndani ya siku mbili, akiwa na akili zake, kwa maelezo ya daktari. Hatujui lipi alilikusudia.

Siku ya Alhamisi Dastan na vijana wa ukoo walichimba kaburi kibanjani, kando ya bibi yetu, bila kumuuliza mtu, kwa sababu huko ndiko tunakozika. Siku ya Ijumaa asubuhi Bwana Hatibu na wafanyabiashara wa Bugene walifyeka rweya na kuchimba kaburi, bila kumuuliza mtu, kwa sababu mwenyekiti aliahidi. Kufikia Ijumaa mchana palikuwa na makaburi mawili ya mtu mmoja, kila kundi likiamini kazi imekwisha, na mtendaji wa kata alipoulizwa sheria inasemaje, alisema hakuna sheria inayotuzuia kumzika kibanjani, na hakuna inayotuzuia kumzika rweya.

Kikao cha familia kilifanyika jana jioni chini ya turubai hili. Dastan alisema, "Kaburi ndilo linaloshika kibanja. Mji ukija kesho na baba hayupo hapa, nani atajua hapa palikuwa petu?" Wazee wa ukoo walimuunga mkono, na mmoja akasema mtu akizikwa nyikani peke yake, wajukuu watamwita mgeni. Placida alisema baba aliahidi mbele ya watu, na tukimzika hapa, ndivyo atakavyokumbukwa, kama mtu aliyewatuma wenzake makaburini akabaki nyumbani. Bwana Hatibu alipoombwa aseme, alisema, "Mimi mgeni wa ukoo huu, nimechimba kwa mapenzi. Mkisema nifukie, nitafukia." Kisha Mama Kantengwa, ambaye hakuwa ameitwa, alisimama akasema, "Mimi ndiye niliyemchokoza. Ule ulikuwa utani wa mkutano, na mtu hazikwi kwa utani. Mzikeni kwa mama yake." Ikaonekana jambo limekwisha, wazee wakaanza kuinuka.

Bibi Prudensia, ambaye alikuwa hajasema neno tangu Jumatano, aliwaambia wakae. Alisema, na ninayasoma alivyoagiza, "Nimekaa naye miaka arobaini na tisa, na siku ile ya ghala sijui alikuwa upande gani, msiniulize. Aliyoniambia mimi hospitalini aliniambia mimi, ni yangu. Aliyowaambia watu, aliwaambia akiwa na vidole vyake vyote, na walicheka, na alisubiri wamalize kucheka ndipo akasema. Mtu anayesubiri hivyo hataniwi wala hatanii. Mpelekeni rweya." Dastan akasema, "Mama, na kibanja?" Akamjibu, "Bibi yako yuko hapo, anakishika. Na mimi nitakuja kumsaidia." Dastan akauliza, "Kwa hiyo wewe utalala hapa na baba kule?" Akasema, "Mimi sikuahidi kitu." Kikao kilifungwa kwa sala.

Familia imekubali uamuzi huo. Hatusemi umetuondolea maswali. Hatujui kama marehemu alifariki akiutaka mji au akiwa ameuchoka, na hatujui kama mji wenyewe utakuja, hivyo tunaomba msitafsiri maziko haya kuwa kura ya upande wowote, kwani wa pande zote mbili mmechimba.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu 2018, hasa wa zamu ya alfajiri ile ya Jumatano, tunawashukuru majirani wa Omukashenyi mlioleta kuni, maji, ndizi na maharage bila kuombwa, wanachama wa chama cha msingi cha kahawa, wenyeviti wenzake wa vitongoji, wafanyabiashara wa Bugene na Bwana Hatibu, Mama Kantengwa, jumuiya ndogondogo, kwaya, na Baba Padre aliyekubali kubariki mahali ambapo hapajawahi kubarikiwa. Baada ya misa tutatembea pamoja kwenda rweya, wenye miguu mibovu watapelekwa kwa gari lililo pale barabarani. Mwenyekiti, umepumzika, nasi tunakuombea amani.

Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Leo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa tatu asubuhi, Dastan amekata mgomba mmoja, wazee wa ukoo wameulaza katika kaburi la kibanjani, kando ya Mama Evaresta, na vijana wamelifukia.